Kunyamaza Si Kutulia

Wanafunzi wenzangu, nanyi walimu wetu mnaotusomesha lugha hii,

Katika mdahalo wa darasa letu muhula uliopita, mada ilikuwa "Mbwa hufundishwa kwa fimbo." Mwenzetu aliyesimama upande wa kuunga mkono alituvunja mbavu sote. Alisema mbwa hana akili, ana masikio mawili na mgongo mmoja, na masikio yakikataa kusikia basi mgongo husikia. Akamalizia kwa methali: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Darasa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu alisema vizuri. Kura ikapigwa, upande wake ukashinda, tukaenda kunywa chai.

Insha hii ni jibu nililopaswa kulitoa siku ile nikalimeza. Nililimeza kwa haya, maana fimbo ile nimewahi kuishika kwa mkono wangu mwenyewe na najua ilichozaa. Hoja yangu ni fupi. Mbwa anayetishwa ndani ya kizimba chake hunyamaza, lakini hatulii. Nyumba inayoshindwa kutofautisha mambo haya mawili italilipia kosa hilo, ama kwa fedha ama kwa damu. Sisi tulilipa kwa vyote viwili.

Naishi Thongpiny, upande wa uwanja wa ndege. Wanaoujua mtaa huu wanajua kuta zake ndefu zenye nyaya, jenereta zinazonguruma hadi usiku wa manane, na walinzi waliokaa kwenye viti vya plastiki malangoni. Katikati ya kuta hizo tupo sisi wapangaji wa vyumba viwili viwili, tunaosikia kila ndege inayotua kana kwamba inatua juu ya mabati yetu. Mama yangu alikuwa mpishi wa kawaja mmoja, kama tunavyowaita wageni wa Kizungu katika Kiarabu cha Juba. Machi 2025, Marekani ilipowaamuru watumishi wake wasio wa dharura waondoke nchini, na mashirika mengi yakiwa tayari yanapunguza watu kwa sababu ya kukatwa kwa misaada, kawaja huyo alifunga mizigo yake kwa siku mbili. Mbwa wake hakupanda ndege. Karatasi za kumsafirisha hazikuwa tayari.

Basi mama akarudi nyumbani bila kazi, akiwa na vitu vitatu: mbwa dume wa mwaka mmoja na nusu hivi, mwenye rangi ya udongo, kadi ya chanjo ya mbwa huyo, na kreti ya plastiki ngumu yenye mlango wa nyaya, aina ile ambayo mashirika ya ndege hudai mnyama asafirie ndani yake. Mdogo wangu, mwenye miaka saba, akampa mbwa jina la Shata, yaani pilipili.

Usiku wa kwanza tulimsukuma Shata ndani ya kreti, tukafunga mlango, tukazima taa. Alibweka tangu saa nne usiku hadi karibu na alfajiri. Usiku wa pili vivyo hivyo. Mzee jirani, ambaye ukuta wake ndio ukuta wetu, aligonga mara tatu kwa ufagio. Asubuhi ya tatu mwenye nyumba alikuja na maneno machache: wiki mbili. Mbwa anyamaze, au mbwa aondoke, au tuondoke sote. Kwa familia iliyopoteza mshahara wake mmoja mwezi uleule, hayo hayakuwa maneno ya kuchezea.

Hapo ndipo mjomba akaleta fimbo.

Kabla sijaieleza fimbo, nataka tusimame kidogo kwenye maneno, maana sisi ni watu wa lugha. Kifaa hiki tukiiteje? Wengine husema tundu, kama tundu la kuku. Wengine husema banda. Wengi tunasema kizimba. Sasa fikirini kizimba ni nini katika Kiswahili. Ni mahali pa kufungia wanyama, lakini pia ni pale mahakamani anaposimama mshtakiwa. Tukisema fulani amepandishwa kizimbani, hakuna anayedhani amekwenda kupumzika. Na kitenzi tunachokitumia ni kufungia, ndugu wa kufungwa, ndugu wa mfungwa. Kwa hiyo kabla mbwa hajaingia, lugha yetu imekwisha kumhukumu. Tunamwingiza kama mkosaji, tunamwacha kama mkosaji, na akilia tunamjibu kama askari jela.

Sisemi tubadilishe kamusi. Nitaendelea kusema kizimba, kwa kuwa ndilo neno tulilo nalo. Nasema tu kwamba kuna kitenzi kingine tunachokisahau, nacho ni kutulia. Unaweza kumnyamazisha mwingine kwa nguvu. Lakini kutulia hutoka ndani ya anayetulia. Mwingine anaweza kumtuliza, yaani kumfanyia mambo yatakayomwezesha kutulia, ila hawezi kutulia kwa niaba yake. Tofauti hiyo ya sarufi ndiyo tofauti yote ninayoizungumzia.

Sasa fimbo. Mjomba hakumpiga Shata mwilini, si mwanzoni. Aligonga kreti kwa juu kila mbwa alipobweka, kwa nguvu ya kumshtua mtu mzima. Alipochoka alinipa mimi. Niligonga usiku wa tatu na wa nne. Usiku wa tano Shata hakubweka hata mara moja. Mjomba akaniambia, "Umeona? Mbwa haelewi ila hii." Mwenye nyumba akaambiwa. Sote tukalala.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha kreti asubuhi, na niliyaona mambo ambayo sikutaka kuyaona. Alikojoa humo ndani, wakati kwa kawaja hakuwa na tabia hiyo. Alikuwa akihema mdomo wazi hata alfajiri kukiwa na baridi. Nyaya za mlango zilikuwa na alama za meno, na ufizi wake ulikuwa na damu. Mchana alijibana nyuma ya pipa la maji, na alipoona mtu amebeba kitu chochote kirefu, hata mwiko wa kusongea asida, mkia ulikwenda katikati ya miguu. Alikuwa amenyamaza kabisa. Siku ya saba, mdogo wangu aliingiza mkono kreti ikiwa imefunguliwa nusu, ili amwekee bakuli la maji. Shata akamng'ata kiganjani.

Wenye kupenda mabishano wataniambia: hapo ndipo mbwa alipostahili fimbo. Mimi nawauliza: alifundishwa nini kuhusu mikono inayokaribia kizimba chake? Siku nne tulimfundisha kwamba kila kinachokuja juu ya nyumba yake kinakuja kwa ubaya. Alipofaulu mtihani tuliomtungia, tukasema ana kichaa.

Tulimwosha mtoto jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kama inavyotakiwa, halafu tukampeleka hospitali akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa. Shata alikuwa na kadi ya chanjo, lakini kwa ugonjwa huu hakuna wa kukisia. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kifo ni karibu cha uhakika, na karibu visa vyote vya watu kuambukizwa, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa. Gharama tulizilipa kutoka kwenye fedha iliyowekwa kwa ajili ya karo yangu. Ndiyo maana baadhi yenu mlinikosa darasani wiki ile na hamkujua sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa nimeshinda mdahalo kwa fimbo, nyumbani kwetu.

Jioni hiyo mjomba alitaka mbwa auawe. Aliyemzuia hakuwa mimi. Alikuwa yule mzee wa ufagio. Alikuja kumjulia hali mtoto, akakaa, akanywa chai, akasikia mashauri yetu. Yeye ni Mwislamu na hataki mbwa amguse nguo anazoswalia, wala hakuficha hilo. Lakini alitukumbusha habari iliyopokewa katika mafundisho ya dini yake, ya mtu aliyemteremkia mbwa mwenye kiu kisimani akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mimi nilitaka usingizi, mwanangu. Sikutaka mnyama afe." Akaahidi kumwombea mwenye nyumba atuongezee siku. Tukaongezewa wiki mbili nyingine.

Basi nikaanza upya, na hapa nitaeleza nilichofanya, kwa sababu hoja isiyoonyesha njia ni kelele tu.

Kwanza niliufungua mlango wa kreti nikaufunga kwa kamba ubaki wazi. Kwa siku tatu haukufungwa hata mara moja. Niliisogeza kreti kutoka kona ya giza nikaiweka barazani, kivulini, pale tunapokaa. Nilitandika ndani fulana yangu kuukuu yenye harufu yangu. Kisha nikakaa chini, mgongo nusu nimeugeuza, na dagaa mkavu mkononi. Dagaa mmoja mbele ya mlango. Dagaa mmoja kizingitini. Dagaa mmoja ndani kidogo. Shata alinyoosha shingo hadi nikadhani itakatika, miguu ya nyuma ikiwa tayari kukimbia. Sikumsukuma wala sikumwita. Alichukua, akatoka, akarudi. Siku ya pili aliingia mzima mzima. Siku ya tatu aliingia kabla sijatupa kitu, akageuka, akanitazama.

Hapo nikaongeza neno. Kabla tu ya kutupa dagaa ndani nilisema, "Kwako." Neno moja, sauti ileile, kila mara. Chakula chake cha jioni nikakiweka mwisho kabisa wa kreti. Alipozoea kula humo, nikaanza kufunga mlango wakati anakula na kuufungua kabla hajamaliza, ili asipate nafasi ya kuuliza kwa nini umefungwa. Halafu nikachelewa kidogo: sekunde tano baada ya kumaliza, kumi, nusu dakika, dakika moja. Sikuongeza tu. Baada ya dakika moja nilirudi kwenye sekunde kumi, ili asione kwamba kila mara mambo yanazidi kuwa magumu. Alipokuwa kimya, dagaa alipenya kwenye nyaya. Baadaye nikasimama. Baadaye nikapiga hatua mbili. Baadaye nikaingia ndani ya nyumba, nikatoka mara moja.

Usiku nilitandika mkeka wangu kando ya kreti. Kabla ya kulala nilimtembeza kwa kamba hadi achoke na akojoe, kisha nikampa sahani pana niliyoipaka asida na mchuzi, maana mbwa anayelamba muda mrefu hupunguza wasiwasi. Kila usiku nilisogeza mkeka wangu hatua moja. Nilipofika mlangoni mwa chumba ilikuwa usiku wa tisa.

Huu si uchawi, wala si ujuzi wa kawaja. Mwanasayansi Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa kusikia mlio ambao umetangulia chakula mara nyingi. Mlio wenyewe hauliwi. Umebeba tu habari ya kinachokuja. Kreti nayo ni mlio. Ikitangulia chakula na usingizi, itakuwa habari njema. Ikitangulia kishindo cha fimbo, itakuwa habari mbaya, na hakuna maneno matamu yatakayoifuta kwa siku moja.

Na msiende Urusi. Nendeni Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifanya kazi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya anapofanya sawa husikia mlio mdogo, tik, halafu hupewa ndizi au chakula kingine akipendacho. Fimbo haimo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na silaha za kulipuka zaidi ya 100, na mwaka 2020 akawa panya wa kwanza kutunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Sisi wa nchi hii tunajua bomu la ardhini ni nini. Mtu wa Morogoro amemfundisha panya kazi ya kuokoa miguu ya watu kwa mlio na ndizi, nasi tunasimama darasani kusema mbwa, aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hafundishiki ila kwa kupigwa. Aibu si ya mbwa.

Sasa niwajibu wengine, kwa maana wapinzani wangu si wenye fimbo peke yao.

Wapo wasemao, "Mwache alie, atachoka." Hawa wana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba ukimfungulia mbwa kila anapobweka, umemfundisha kuwa kubweka ni ufunguo. Tena ukistahimili saa mbili halafu ukafungua saa nane usiku kwa kuchoka, umemfundisha jambo baya zaidi: kwamba ufunguo hufanya kazi, ila inahitaji kubweka saa mbili. Lakini nusu nyingine ya ukweli ni kwamba vilio si vya namna moja. Kuna kilio cha kudai, ambacho hukatika katika, mbwa akisikiliza kama unakuja. Hicho nilikingoja kikatike, hata kwa pumzi tatu tu, ndipo nikafungua, ili kimya kiwe ndicho kilichofungua mlango. Kuna kilio cha haja, mbwa akizunguka na kunusa. Huyo alitolewa kwa kamba, akakojoa, akarudishwa, bila mchezo wala mazungumzo. Na kuna kilio cha hofu: mate yanamtiririka, anatafuna nyaya, macho yamemtoka. Huyo hachoki. Huyo huvunjika. Mfungulie, na kesho rudi kwenye hatua iliyokuwa rahisi.

Nilijaribiwa katika hilo. Usiku mmoja wa Mei ilikuja mvua ya radi, mabati yakalia kama risasi, na Shata akaanza kutafuna nyaya. Nilifungua. Mjomba alisema nimemharibu. Kesho yake kweli aligoma kuingia, nami nikarudi kwenye dagaa wa kizingitini kana kwamba ni siku ya kwanza. Baada ya siku mbili tulikuwa tumefika tena tulipokuwa. Tungeng'ang'ana usiku ule, nadhani tungekuwa bado tunasafisha damu ya ufizi.

Wapo pia wapenda mbwa, na hawa nawaogopa zaidi kwa sababu wanasema kwa upole. Wanasema kizimba ni pango, na mbwa kwa asili hupenda pango, kwa hiyo mfungie tu, ataona raha. Si kweli. Mbwa wa porini na mbwa mwitu hutumia mashimo hasa kwa kuzaa na kulelea watoto, tena shimo halina mlango wa kufungwa kwa nje. Anayemtia mbwa kizimbani asubuhi akaenda kazini hadi jioni amekigeuza kizimba kuwa ghala. Kizimba ni mahali pa kulala na kupumzikia, chenye nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Mbwa hupimiwa saa zake humo kama mtoto anavyopimiwa dawa.

Na hapa Juba tuna la ziada, nalo ni joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili. Watoto walitolewa madarasani, lakini nani alikumbuka mabanda ya mabati nyuma ya kuta za Thongpiny? Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa moto na imesimama, kuhema hakumsaidii. Kumfungia mbwa mchana katika sanduku la bati juani ili awe mkali usiku, kama wafanyavyo wenye nyumba wengi kuanzia hapa hadi Nairobi na Kampala, ni kumpika polepole. Na ule ukali wanaousifu ni maumivu tu. Mbwa mlinzi mwema ni yule anayemjua wa nyumbani na wa nje. Aliyechanganyikiwa kwa joto humng'ata anayemletea maji. Nina shahidi wa miaka saba mwenye kovu kiganjani.

Nimebakiza mpinzani mmoja, mkubwa kuliko wote. Ndiye mama yangu. Mama alinikuta nimekaa barazani, dagaa mkononi, nikihesabu sekunde, akasema: "Watu wa nchi hii hawajala, na wewe unambembeleza mbwa alale." Sikuwa na jibu siku hiyo, na sitajifanya kwamba jibu nililo nalo leo linamaliza neno lake. Njaa ni njaa. Kama ningelazimika kuchagua kati ya sahani ya mdogo wangu na ya Shata, nisingechelewa.

Lakini sikuchagua kati ya hizo. Dagaa nilizotumia kwa mwezi mzima zilitosha mboga ya siku moja. Fulana ilikuwa kuukuu. Kilichotumika kwa wingi kilikuwa ni subira, na subira hainunuliwi Konyokonyo. Wekeni upande wa pili wa mizani gharama ya fimbo: sindano, karo, mtoto aliyeogopa kulala, nyumba tuliyokaribia kuipoteza, na jirani mzee asiyepata usingizi. Umaskini haututaki tuwe wakali. Umaskini unatutaka tusifanye kosa lile lile mara mbili, maana hatuna fedha ya kulilipia.

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mama, kwa sababu yeye analijua kuliko mimi.

Desemba 2013 vita vilipoanza Juba, nilikuwa na miaka tisa. Tulikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapa hapa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, pamoja na maelfu ya wengine. Usiku wa kabla ya kufika tulikuwa chini ya kitanda, na mama aliniziba mdomo kwa kiganja. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa siku nyingi, hata tulipokuwa ndani ya kambi, hata tulipofika Kakuma nilikojifunza Kiswahili hiki ninachowaandikia. Walimu wa Kakuma waliniandika mtoto mtulivu. Sikuwa mtulivu. Nilikuwa nimenyamaza. Mwalimu mmoja alilijua hilo. Hakunilazimisha kusema. Aliniacha nikae karibu na mlango, na mlango aliuacha wazi, hadi siku niliposogea mwenyewe mbele.

Simlinganishi mtu na mbwa, na asitokee wa kusema nimefanya hivyo. Nasema tu kwamba sisi, kuliko watu wengi, tulipaswa kukijua kimya cha hofu tunapokisikia. Tunaposifu nyumba kwa kuwa haisikiki, darasa kwa kuwa haliulizi, mbwa kwa kuwa habweki, tunapaswa kuchungulia ndani kwanza.

Basi ninaomba mambo matatu. Mwenye mbwa na kizimba aufunge mlango wake kwa kamba uwe wazi, kwa siku tatu tu, atupe vipande vya chakula ndani na anyamaze yeye. Mwenye banda la bati alihamishe kivulini leo, si kesho, na aweke maji. Na darasa letu liirudie ile mada. Mwenzetu ana haki ya kusema tena kuhusu masikio na mgongo. Mimi nitamjibu kwa methali yake mwenyewe: ikiwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, basi tumtazame msasi kabla ya kumlaumu mbwa.

Shata ana miezi kadhaa sasa hajamgutusha jirani. Hubweka mtu akigusa lango, kama inavyopasa, kisha hukoma. Saa tatu usiku nasema "Kwako," naye huingia, huzunguka mara mbili juu ya fulana yangu, hulala. Mara nyingi husahau kumfungia. Mlango unabaki wazi hadi asubuhi, na yeye yumo.